Tanga Iliyofika Songea kwa Kanda

Mgeni anayeingia Songea kwa basi siku hizi huteremkia Shule ya Tanga. Ndivyo kila mtu anavyokiita kituo, kuanzia kondakta mpaka mama anayeuza mahindi ya kuchoma, na mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea inaitwa Tanga vilevile. Jina hilo huwachanganya wageni, maana Tanga wanayoijua wao iko ufukweni, kaskazini-mashariki, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Sisi wenyeji hatuchanganyikiwi. Kwetu kuna Tanga ya hapa na kuna Tanga ya mkonge. Mtu akisema "alikwenda Tanga" kwa sauti ya chini, hasa anapomzungumzia marehemu, kila aliyeko barazani anajua ni Tanga ipi.

Mwaka 2002 vijana wawili wa hiyo Tanga ya mkonge, Mkoloni na Dr John, waliojiita Wagosi wa Kaya, walitoa albamu yao ya kwanza, Ukweli Mtupu. Mgosi, kwa Wasambaa na Wabondei, ni mwanamume, na mjini Tanga ni namna ya kuitana baina ya watu wanaoheshimiana na kutaniana kwa pamoja. Kaya ni nyumbani. Wimbo uliowatangulia kila mahali ulikuwa Tanga Kunani, nao unauliza swali la jina lake: kuna nini Tanga, mji uliokuwa na viwanda, bandari na reli, mbona umelala? Nchi nzima iliupenda. Lakini tangu wakati ule, nikiwa mwanafunzi wa sekondari hapa Songea, nimeamini kwamba sisi tuliusikia kwa masikio ya ndugu wa mgonjwa. Ili nieleze kwa nini, inabidi nirudi nyuma sana, mpaka kwenye mche wa mkonge.

Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na ilipofika pwani yetu iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 mashamba yakatanda Tanga yote, yakaifuata reli kuelekea Korogwe na kwingineko, na hadi miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa kuzalisha singa. Shamba la mkonge, hata hivyo, linakula watu. Jani hukatwa kwa mkono, moja moja, na ncha yake ni mwiba. Wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao ya chakula na hawakuwa na haja ya kujipeleka kwenye miiba hiyo. Mikono ikatafutwa mbali.

Songea ilikuwa na mikono na haikuwa na fedha. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliiacha Ungoni ikiwa imeteketea. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni hapa mjini, na kila mwaka siku hiyo tunakusanyika kwenye makumbusho kuwakumbuka. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Nyuma ya kitanzi ikaja njaa, na njaa ile ilipangwa: chakula kilichomwa shambani na ghalani ili watu wasalimu amri. Waliobaki hai wakadaiwa kodi. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, nazo fedha zilikuwa Tanga.

Hivyo wanaume wakaanza kutembea. Walikwenda kwa makundi, na safari ilichukua wiki nyingi porini. Baadaye Waingereza walipoingia hali haikubadilika sana. Tumbaku ilianza kuleta senti kidogo, na mwaka 1936 ukaundwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo wa kuiuza, lakini si kila mtu alikuwa na shamba la tumbaku wala kila mwaka ulikuwa na bei. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Songea ikawa moja ya wilaya zilizotegemewa. Sasa mtu alipandishwa lori. Wanaume walitoka kwa wingi kiasi kwamba mtaalamu wa Kiingereza, P. H. Gulliver, alikuja kuwachunguza Wangoni na Wandendeule, na mwaka 1955 akachapisha kitabu kizima kuhusu uhamaji wao wa kutafuta kazi. Nilikisoma nikiwa mtu mzima, na katika kila jedwali nilikuwa namtafuta babu yangu.

Babu mzaa baba alikwenda Tanga mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda kutafuta kodi, mara ya pili mahari. Alipofika aliandikishwa, akapewa namba, naye akawa kama wenzake wote, manamba. Alipewa pia kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba 30, na kila siku uliyomaliza kazi yako chumba kimoja kilitiwa alama. Vyumba vyote vikijaa unalipwa. Ukiumwa, siku haiandikwi. Mnyapara akiona mafungu yako hayatoshi, siku haiandikwi pia, ingawa jasho limekwisha kutoka. Babu alikuwa akituonyesha kiganja cha kushoto, hapo chini ya kidole gumba, palipokuwa na kovu dogo jeupe, refu kama punje ya mchele. Mwiba wa mkonge uliingia pale, na siku ile haikuandikwa.

Waliorudi walirudi na mablanketi, mabati ya maji, mashati, na nyimbo. Hizo nyimbo ndizo watu wengi huzisahau wanapoandika habari za manamba. Pwani ya Mombasa na Tanga, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na ngoma ya beni, yenye vikundi viwili vilivyoshindana kwa mavazi, gwaride na maneno ya kukejeliana: Marini na Arinoti. Askari, makarani na vibarua waliibeba hadi bara. Huku kwetu na mwambao wa Ziwa Nyasa ikazaa ndugu zake, na mganda unaochezwa hadi leo, wenye mistari iliyonyooka na hatua za kijeshi, umo katika ukoo huo. Kwa hiyo vijana wa Tanga kutunga maneno makali yakafika Songea na kurudiwa na watu ambao hawajaiona bahari si jambo lililoanza mwaka 2002. Mababu zetu waliyabeba kichwani. Sisi tuliyapata kwenye utepe.

Kamba ya pili iliyotufunga na Tanga ilikuwa mbolea. Baada ya uhuru Tanga ilijengewa viwanda vingi, na kimoja kilikuwa kiwanda cha mbolea kilichoanza mwaka 1972. Miaka hiyohiyo Ruvuma iliingia kwenye kundi la mikoa minne iliyotegemewa kulisha taifa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Mahindi ya kwetu hayaendi bila mbolea, na mbolea ilikuwa na ruzuku. Barabara ya lami kutoka Makambako ilipokamilika miaka ya 1980, magari yakawa yanapanda na mbolea na kushuka na mahindi. Kisha kiwanda cha Tanga kikafungwa mwaka 1991, na ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua miaka michache iliyofuata. Baba yangu alipunguza shamba. Sikujua wakati huo kwamba mambo hayo mawili yalikuwa na uhusiano. Nilijua tu kwamba tulikuwa tukijaza vihenge viwili na sasa tunajaza kimoja.

Sasa nije kwenye rap.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mdundo wa Ice Ice Baby wa Vanilla Ice akauwekea maneno ya Kiswahili, na vijana wengi wa Dar es Salaam wakagundua kwamba jambo hilo linawezekana. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango wa redio binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na mwaka 1995 Mr II, ambaye sasa wengi humwita Sugu, akatoa Ni Mimi. Nchi ya Dar es Salaam iliwaka. Songea ilichelewa. Redio yetu kubwa ilikuwa redio ya taifa, RTD, na RTD haikuwa na haraka ya kuupokea muziki ambao wazee waliuita wa kihuni. Tulichokuwa tukikipata ni kanda ambazo wanafunzi waliosoma Dar es Salaam walirekodi kutoka redioni na kuja nazo likizo. Matangazo ya biashara yalikuwa yamo humohumo katikati ya nyimbo, nasi tuliyakariri nayo. Mpaka leo naweza kukuimbia tangazo la sabuni ambayo haikuwahi kuuzwa duka lolote la mtaa wetu.

Katika kanda hizo nasi tulijitafuta. Profesa Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, kijiwe chetu cha Mfaranyaki kilifurahi kwa sababu ya ziada: jina lake ni Joseph Haule, na Haule ni jina ambalo huku hupiti mtaa mmoja bila kulikuta. Hatukuhitaji ushahidi mwingine. Alikuwa wetu. Shabiki wa mkoani hufanya hivyo, huchukua uzi mmoja tu akashona shati zima.

Wakati huo wawili wawili walikuwa wameanza kupata nafasi yao. Gangwe Mobb wa Temeke, Inspekta Haroun na Luteni Kalama, walikuwa wamekwisha kulirusha neno ngangari hadi likaingia kwenye siasa. Wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF walilipokea kabla ya uchaguzi wa 2000, na mkuu wa polisi wa wakati huo, Omari Mahita, akawajibu kwamba polisi ni ngunguri. Huku Songea tuliwapa ngangari mabeki wa Majimaji, timu yetu ya soka. Gangwe walitupa raha kubwa, lakini Temeke yao ilikuwa mbali, ya watu wa mjini kabisa. Wimbo wao wa Mtoto wa Geti Kali ulitulazimu kwanza tujadiliane geti kali ni nyumba ya namna gani, maana nyumba tulizozijua zilikuwa na wigo wa michongoma, na mbwa alikuwa akizurura nje pamoja na sisi.

Wagosi walipokuja walituletea mji wa mkoani. Nadhani hapo ndipo mshangao wa kwanza ulipotoka. Hadi wakati ule tulikuwa tumeamini, bila mtu yeyote kutuambia, kwamba rap ni mali ya Dar es Salaam na Arusha, na kwamba mtu wa kwingine akitaka kuchana lazima kwanza ajifanye amezaliwa Sinza. Mkoloni na Dr John hawakujifanya. Waliongea kama watu wa Tanga wanavyoongea, kwa lafudhi yao na maneno yao ya nyumbani, na kwenye kanda walisikika kama watu wawili wanaopiga soga kwenye benchi huku mdundo ukipita nyuma yao. Mara ya kwanza tulicheka. Kicheko kile naomba kieleweke, hakikuwa cha dharau. Tulikuwa tumewasikia watu wakizungumza redioni kwa lafudhi ambayo redio ilikuwa haijawahi kuiheshimu, na mwili ulikuwa haujui la kufanya isipokuwa kucheka.

Kanda yenyewe ilitufikia kwa mlango wa nyuma. Mmoja wetu alikuwa na binamu aliyefanya kazi kwenye basi, na binamu akaleta kanda halisi yenye jalada la picha. Ilikaa kijiweni siku tatu. Katika siku hizo tatu ilizaa nakala nyingi, maana karibu na soko kulikuwa na kibanda ambapo ulipeleka kanda tupu na fedha kidogo, ukarudi jioni kuichukua. Leo naelewa tulichofanya. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ilikuwapo, na COSOTA ilikuwa imekwisha anza kazi yake, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia neno hakimiliki. Wale vijana wawili, ambao tuliwapenda kwa dhati, hawakupata senti kutoka kwenye kibanda kile, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kulieleza.

Tulichowapa ni kazi ya mikono. Nakala za kanda hazikutosha wote, kwa hiyo maneno yalihamishiwa kwenye madaftari. Mmoja anashika kitufe, mwingine anaandika. Unacheza mstari mmoja, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma, unahakikisha. Palipo na neno la Kisambaa au la mtaani usilolijua unaacha nafasi, na nafasi hizo ndizo zilizoanzisha ubishi. Nilikuwa na daftari la jiografia ambalo kurasa zake za nyuma zilijaa Ukweli Mtupu kwa kalamu mbili, nyekundu kwa Mkoloni na bluu kwa Dr John. Rangi hizo zilikuwa muhimu. Mashabiki wa wawili hawawezi kutulia mpaka wawagawane, na shule yetu ilijigawa, kila upande ukiapa kwamba wake ndiye anayeubeba mwenzake. Kuna waliokuwa wakishika nafasi ya Mkoloni mpaka nje ya wimbo, wakiuliza maswali tu, na rafiki zao wakilazimika kujibu.

Jambo la pili lililotokea ni swali kuhamia kwetu. Ukisikia Tanga Kunani mara 20, mara ya 21 unaulizwa wewe. Songea kunani? Sijui ni nani aliyeanza, lakini wiki haikuisha kabla darasa zima halijawa na beti zake. Wengine waliandika kuhusu barabara ya Tunduru, ambayo wakati ule ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na basi lilipokwama abiria walilala porini wakiwa wamekumbatia mizigo. Wengine waliandika kuhusu mahindi yanayooza kwa kukosa mnunuzi huku redio ikitangaza njaa mikoa mingine. Mmoja alitaja mbolea. Beti zile hazikuwa na vina vya kusifiwa, na nyingi zilikuwa zikiiba mwendo wa Wagosi waziwazi. Lakini kwa mara ya kwanza niliona vijana wa umri wangu wakiutazama mji wetu kama kitu kinachoweza kuulizwa maswali. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kuusifu kwa mashujaa wake wa 1906. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kuuliza habari zake za jana.

Wapo walioudhika. Wimbo mwingine wa Wagosi uliovuma miaka hiyo, Wauguzi, uliwasema wauguzi wanaowatolea lugha chafu wagonjwa na wajawazito. Wagonjwa walishangilia. Nyumbani kwetu haikuwa rahisi hivyo, kwa kuwa shangazi yangu alikuwa muuguzi na alikuwa akilala kwetu akitoka zamu. Siku moja aliukuta ukilia sebuleni. Nikaruka kuuzima.

"Acha," alisema. "Acha nisikie wanavyonisema."

Alikaa, akavua viatu, akausikiliza mpaka mwisho huku akisugua nyayo. Kisha akaniambia, "Mwanangu, wanasema kweli. Wapo walio hivyo, ninawajua kwa majina. Ila waambie hao vijana waje wahesabu. Usiku wa jana tulikuwa wawili, wodi imejaa mpaka chini, glovu zimekwisha saa nne. Hilo nalo ni la kuimba." Akaingia kulala. Nilibaki nimeshika kitufe. Nimesoma mengi baadaye kuhusu nguvu ya muziki ule wa kukosoa, na mara nyingi husimuliwa kama ugomvi wa vijana na wakubwa. Shangazi hakuwa mkubwa wa kitu chochote. Alikuwa shabiki, kwa kuwa wiki iliyofuata nilimsikia akiimba kiitikio jikoni, na alikuwa mshtakiwa kwa wakati uleule. Nadhani hakuna msikilizaji aliyeusikiliza wimbo ule kwa makini kama yeye.

Kwa jirani zetu wa Kenya mwaka huohuo wa 2002 ulikuwa wa vijana wawili pia. Gidi Gidi Maji Maji, waliotoa albamu yao ya kwanza, Ismarwa, mwaka 2000, sasa walikuwa na Unbwogable, wimbo ambao muungano wa upinzani wa NARC uliuchukua ukawa wimbo wa ushindi wa Desemba. Huku kwetu jina lao liliamsha shangwe kabla hata ya muziki, maana Majimaji ni vita vyetu, timu yetu na uwanja wetu. Lakini hatukuelewa Kijaluo, na bango la kisiasa la Nairobi halikutuhusu. Wagosi walituhusu. Hawakuwa na chama kilichowabeba. Walikuwa na mji tu, mji ambao nusu ya wazee wa mtaa wetu walikuwa na siku zao zilizoandikwa na zisizoandikwa huko.

Na hapo ndipo babu anaporudi. Alikuwa amekwisha zeeka, anakaa kwenye kiti cha kamba nje ya mlango, na kwa kawaida alikuwa hautaki muziki wetu. Alituambia tunapiga kelele kama watu wanaofukuza ngedere. Jioni moja redio yetu ya kaseti, ya National, ilikuwa dirishani, na wimbo ulipolitaja jina la Tanga aliinua mkono kama mtu anayesimamisha gari.

"Rudisha hapo, mume mwenzangu."

Nikarudisha. Akasikiliza tena.

"Hao ni watoto wa nani?"

Nikamwambia ni vijana wa Tanga, wanaitwa Wagosi wa Kaya. Akarudia, "Wagosi," na akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona, kwa kuwa neno lile alilijua yeye kabla yangu, kwa miaka zaidi ya hamsini. Alitusimulia jinsi wenyeji walivyokuwa wakiwaita hivyo sokoni, wao manamba, waliokuwa wakiitwa kwa namba kambini. Jumapili ukienda kununua muhogo unaitwa mgosi. Jumatatu unarudi kuwa namba.

Kisha akaanza kuuliza, kana kwamba mimi nimetoka huko juzi. Je, wanasema viwanda vimefungwa? Vyote? Na korona, ile mashine ya kukamulia singa, iliyokuwa ikilia usiku hadi mtu anajua ndotoni kwamba yuko Tanga, nayo imenyamaza? Na mkonge je, nani anaukata? Nilimjibu nilichokisoma shuleni, kwamba mashamba yalitaifishwa mwaka 1967, kwamba kamba za plastiki ziliua bei, kwamba nchi iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka sasa inatoa sehemu ndogo tu ya hizo. Alisikiliza kwa adabu. Hakuwa akiuliza habari za bei. Alikuwa akitaka kujua kama mahali alipoacha miaka yake ya ujana bado pana mtu.

Kwa wiki kadhaa ukawa wimbo wake. Wazee wenzake wawili, ambao nao walikwenda Tanga, waliitwa waje kuusikiliza. Walikaa na bakora zao katikati ya magoti, nami nikawa fundi mitambo wao. Hawakuyapata maneno yote, kwa kuwa vijana wale walikwenda kasi, lakini kila walipolipata moja walilishika na kulijadili mpaka wimbo ukaisha bila wao kujua. Sijawahi kuona mashabiki wa namna ile kwenye tamasha lolote. Hawakupiga makofi, hawakutikisa vichwa. Walikuwa wakiwajibu. Mmoja wao alisema, na kwa lafudhi ya Tanga kabisa, "Mgosi, sisi tuliiacha ikiwa nzima."

Kurudisha nyuma kila siku mahali palepale hakukuwa na mwisho mwema. Jioni moja redio iliumeza utepe. Ulipotoka ulikuwa umekunjamana kama utumbo wa kuku, na urefu wa kidole hivi haukuwa na matumaini tena. Niliukata kwa wembe pande zote mbili, nikaunga kwa selotepu, nikaurudisha kwa kuzungusha kalamu. Ulicheza. Lakini pale babu alipokuwa akipataka zaidi, wimbo uliruka. Sentensi ilianza, kisha ghafla ukawa katikati ya nyingine.

Nilimwomba radhi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Umekata kipande," alisema, na akanionyesha kovu lake. "Siku hiyo haikuandikwa."

Babu hayupo tena, wala redio ile. Wimbo ninao kwenye simu, mzima, safi, kama walivyourekodi. Huwa nausikiliza nikiwa kituoni Shule ya Tanga nasubiri basi, na kila nikikaribia mahali pale mwili wangu hujiandaa kwa ule mruko, na mruko hauji.